Mafaili Manne ya Benedicto

Kuna jina moja ambalo Deodata hajawahi kulitamka tangu aolewe, na kazi yake ni kuita majina.

Yuko kwenye dirisha la kadi katika hospitali ndogo ya misheni, juu ya mlima, nusu saa kwa bodaboda kutoka Ngara mjini. Nitaiita hospitali ya Nyakirambi, ingawa hilo si jina lake. Saa moja na nusu asubuhi Deodata hufungua kidirisha cha mbao, na wakati huo mabenchi yameshajaa watu waliojifunika kanga na makoti, kwa sababu asubuhi za Ngara zina baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Anachukua jina, anapotelea kati ya rafu, anarudi na faili, anaita. Majina themanini kwa siku, mia siku za kliniki. Ana sauti nzuri ya kuitia, pana, isiyokaripia.

Akifika kwa Manirakiza anasita. Anaangalia faili, anaangalia mabenchi, kisha anasema: "Wewe baba mwenye koti la kijani, njoo." Au: "Mama mwenye kikapu, ndiyo, wewe, usiangalie nyuma."

Manirakiza ni baba mkwe wake. Katika ukoo alioolewa, mwanamke hamtaji baba wa mumewe kwa jina, awe yupo au hayupo, awe hai au amekufa. Na jina lenyewe si la mtu mmoja. Familia nyingi za huku, ambazo wazee wao walivuka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita wakaanza kulima upya, zina Manirakiza wao. Kwa siku wanaweza kufika wanne, watano. Maana ya jina hilo kwa Kirundi ni kwamba Mungu ndiye aponyaye. Mgonjwa aliyekaa benchi tangu alfajiri angefurahi kulisikia, lakini kwa Deodata halisikiki.

Yeye kwao ni Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, katika familia ya wakulima waliokaa pale tangu enzi za mababu. Huko nako mwiko huo upo, ila umelegea. Mama yake alipokasirika alimtaja mkwe wake kwa majina yote mawili mpaka kuku wakakimbia. Deodata alipokuja Bukiriro, huku Ngara, kuolewa na Danstan, fundi wa pikipiki, shangazi za mume walimkalisha siku ya tatu jikoni.

"Ukitaka kumwita mkwe wako, tafuta njia," walimwambia. "Midomo yako isiliguse hilo jina."

"Na kama kuna mtu mwingine anaitwa hivyo?"

"Huyo naye mtafutie njia."

Josiane, mke wa Emilian, kaka mkubwa wa Danstan, alikuwa amekaa miaka kumi na miwili bila kuteleza hata mara moja. Yeye alimwita mzee Randa, kwa kuwa alikuwa seremala kabla macho hayajapungua. Mama mkwe mwenyewe, mke wa mzee, ambaye naye hamtaji mumewe kwa jina, alimwita Mwenyemji. Hakuna aliyeona taabu. Katika mji wao kila mtu alijua anazungumziwa nani.

Taabu ilikuwa dirishani. Koti la kijani lilifaa mpaka siku walipokuja wanaume watatu wa jina hilo, wote na makoti ya kijani, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshusha robota zima la makoti hayo sokoni Ngara. Wagonjwa walicheka. Deodata hakucheka. Jioni ile alichukua vipande vya kadibodi, akavikata vidogo kama karata, akaandika namba juu yake. Kila Manirakiza aliyefika alipewa namba yake, aende nayo nyumbani, arudi nayo. Namba hiyohiyo aliiandika juu ya faili, na katika daftari moja jembamba aliandika namba, jina kamili, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama. Mafaili yao akayatenga kwenye rafu ya chini kabisa, kwa mfuatano wa namba.

"Arobaini na moja!" akaita wiki chache baadaye, na mzee mmoja akanyanyuka.

Alifanya hivyo miaka miwili, kwa ajili ya mwiko tu. Kazi ya mafaili alikuwa ameifundishwa kwa wiki moja na mtu aliyekuwa anahamia Kibondo, na alichoachiwa ni hiki: panga kwa jina la tatu, yaani la babu, na usiweke chai juu ya rafu.

Kisha akaja Adelfina.

Adelfina alikuwa mkaguzi wa kumbukumbu kutoka ofisi za kanisa Bukoba, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyezunguka hospitali za misheni akihesabu mafaili yaliyopotea. Njia yake ilikuwa rahisi. Alichagua majina mia kutoka vitabu vya wodini, akamwomba Deodata amletee mafaili yake. Katika mia, ishirini na sita hayakuonekana. Deodata alitoka kwenye rafu ana vumbi mpaka kwenye kope, aibu imemjaa.

"Usione haya," Adelfina alisema. "Kuna mahali nimekuta arobaini. Lakini nieleze kitu kimoja. Hapa nina akina Manirakiza tisa, na wote tisa umeniletea. Kwa nini hawa hawapotei?"

Deodata alimwonyesha rafu ya chini, kadibodi na daftari. Akaeleza sababu yake huku anaangalia sakafu, akitegemea kuchekwa.

Adelfina hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Mwanangu, hiki ulichobuni kina jina. Kina vitabu. Kuna watu wanakisomea miaka miwili Tabora, wanatoka na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na taarifa, wanaajiriwa mahakamani, wizarani, kwenye mabenki. Na wengine wanamaliza bila kuelewa hili ulilolielewa wewe kwa kumheshimu mkwe wako."

Alimwachia kijitabu cha chuo chenye masharti ya kujiunga. Deodata alikitia ndani ya daftari, na kwa wiki kadhaa hakukigusa, ila alijua kipo, kama mtu anavyojua kuna mgeni chumba cha pili.

Nimesimama mbele ya madirisha ya namna hii Gitega, Mbarara, Goma, na mara moja Kigoma nikiwa na homa iliyonifanya nitaje jina langu kinyumenyume. Kila mahali swali la kwanza ni jina, na kila mahali anayeuliza anaamini kwamba jina ni kitu rahisi. Deodata alikuwa ameacha kuamini hivyo.

Mwezi wa sita alikwenda Nyantakara kumzika mjomba wake. Akiwa huko, Benedicto, mtoto wa Josiane wa miaka sita, alishikwa na kifua. Bibi yake alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Kadi ilikuwa imebaki nyumbani. Aliyeshika dirisha siku hiyo alimuuliza bibi jina la mtoto, la baba na la babu, naye bibi akajibu kama anavyojibu siku zote: Benedicto Emilian Mwenyemji. Likatafutwa, halikuonekana, likafunguliwa faili jipya. Muuguzi wa zamu, Kwandu, alilisoma lote, ambalo lilikuwa ukurasa mmoja mtupu. Akauliza, "Bibi, kuna dawa inayomdhuru?" Bibi, aliyekuwa shambani mwezi wa tatu mtoto alipochomwa sindano akavimba, akasema hajui. Kwandu akamchoma penisilini kama daktari alivyoandika.

Uso wa Benedicto ulivimba mpaka macho yakafunga. Pumzi ikawa inapita kama kwenye mrija wa majani. Walimwahi kwa dawa nyingine, akalazwa siku nne, akapona. Lakini hatua kumi na mbili kutoka kitandani pale, kwenye rafu ya herufi R, kulikuwa na faili la Benedicto Emilian Randa, na kwenye jalada lake daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ASICHOMWE PENISILINI.

Mzee Manirakiza alikuwa mjumbe wa bodi ya hospitali, mwakilishi wa wananchi. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye kikao akasema mjukuu wake amenusurika kwa uzembe wa muuguzi, na anataka iandikwe. Kwandu akapewa barua ya onyo.

Deodata alirudi, akasikia, akaingia masjala, akafunga mlango. Alitafuta siku tatu, baada ya saa za kazi, akijaribu kila jina alilowahi kulisikia likitumika badala ya lile. Alipata mafaili manne ya mtoto mmoja. Randa, alilotaja mama yake. Mwenyemji, alilotaja bibi. Manirakiza, lililofunguliwa kabla ya zile namba, siku moja tu ambayo Emilian mwenyewe alimleta mwanawe. Na la nne, limesukumwa mwanzoni kabisa mwa rafu ya M mahali ambapo hakuna anayeangalia: Benedicto Emilian M.

Herufi moja na nukta. Mwandiko ulikuwa wake yeye. Aliliandika mwezi wake wa kwanza kazini, kabla ya kadibodi. Mdomo ulikuwa umekatazwa, na mkono nao ukakataa.

Alikaa juu ya ile ndoo. Kisha akakitoa kijitabu cha Adelfina.

Kila mwaka bodi ya hospitali hutoa nafasi moja ya masomo kwa mfanyakazi, pamoja na ruhusa ya kuondoka kazini na barua ya kuthibitisha kwamba akirudi atapokelewa. Mwaka huo nafasi ilikuwa ya Deodata. Alikuwa ameshasubiri zamu yake miaka mitatu, na cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na baiolojia na kemia safi. Kwenye fomu, katibu wa hospitali, Bwana Malongo, alikuwa ameshaandika kwa penseli: Uuguzi. Fomu ilitakiwa Ngara mjini kabla ya Ijumaa jioni. Asipoikubali, nafasi ingekwenda kwa Agness wa famasia, na zamu ya Deodata ingerudi nyuma kabisa ya foleni.

"Nataka kubadilisha," Deodata alimwambia Malongo siku ya Jumatatu. "Nataka kusomea kumbukumbu."

Malongo ni Msukuma mkubwa wa mwili na wa kicheko. Alicheka mpaka kalamu ikaanguka.

"Kupanga makaratasi? Deodata, hata panya wanayapanga. Njoo nikuonyeshe stoo yangu."

"Ndiyo maana stoo yako huingii."

"Sawa, umenipata. Lakini sikiliza, dada. Muuguzi akipita njiani watu wanamsalimia. Wewe utavaa nini? Vumbi? Na mwaka kesho tunaletewa kompyuta. Zikija, hiyo masjala yako tunaifanya chumba cha chai."

"Kompyuta itamuuliza nini mgonjwa?"

"Jina."

"La nani na nani?"

"La kwake, la baba, la babu." Malongo aliinama kuiokota kalamu. "Wewe una jambo."

"Ninalo. Nipe dakika kumi mbele ya bodi Jumatano."

"Mkwe wako atakuwepo."

"Najua. Ndiye ninayetaka awepo."

Nyumbani, Danstan alikuwa kibarazani ameifungua injini vipande vipande juu ya gunia. Alimsikiliza mkewe bila kuinua kichwa.

"Baba ameshawaambia watu kanisani kwamba utakuwa nesi."

"Nimesikia."

"Na ukikosa yote mawili?"

"Nitarudi dirishani. Lakini sitasomea kitu cha kurekebisha kosa la mahali pengine. Wewe pikipiki ikigoma kwa ajili ya kabureta, unabadilisha tairi?"

Danstan aliangalia mikono yake iliyojaa oili. "Wateja wengine wanataka hivyohivyo," alisema. Kisha: "Nenda. Ila usimwaibishe mzee."

Hapo ndipo penye shida. Jambo lote alilotaka kulisema lilikuwa ndani ya jina moja, na jina hilo asingeweza kulisema, na mwenye jina angekuwa amekaa mbele yake. Jumanne yote aliligeuza kichwani. Angeweza kumwomba Malongo asome. Lakini kwa Malongo lingekuwa shtaka, mbele ya watu, juu ya mzee wa watu. Alitaka lisomwe na mtu ambaye likiwa kinywani mwake lisingekuwa tusi. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu.

Jumatano bodi ilikaa katika chumba cha mikutano chenye madirisha yanayoangalia migomba ya bonde zima. Walikuwa saba pamoja na mwenyekiti, padri mwenye umri aliyezoea kufunga macho anaposikiliza. Mzee Manirakiza alikaa mwisho wa meza, kofia juu ya goti. Deodata alipiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Tumesikia unakataa uuguzi."

"Sijaukataa kwa dharau, baba."

"Mtoto wangu Benedicto karibu afe hapa. Tunahitaji muuguzi asiyekosea. Wewe una akili. Kwa nini unataka kukimbilia kwenye makabati?"

Deodata aliyaweka mafaili manne mezani, moja juu ya jingine, akayasogeza kwa mikono miwili mpaka mbele ya mzee.

"Baba, naomba unisomee. Majina ya juu tu. Mimi kuna mahali sauti haifiki."

Watu walitazamana. Wanawake wawili waliokuwa kwenye bodi walielewa mara moja; mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Mzee alivaa miwani, akashika la kwanza, akalisogeza mbali na uso.

"Benedicto Emilian Manirakiza. Ndiyo. Huyu ni mjukuu wangu."

"La pili, baba."

"Benedicto Emilian Mwenyemji." Alikunja uso. "Mwenyemji ni ukoo gani?"

Mtu alikohoa. "La tatu," Deodata alisema.

"Benedicto Emilian Randa. Randa?" Aliinua macho. "Hii ya kulainishia mbao?"

"Ni wewe, baba. Mkeo anakuita Mwenyemji, mama wa mtoto anakuita Randa. Wakija dirishani tunawauliza jina la babu, na hawawezi kulisema. Wanasema lile wanaloweza."

Mzee alilifungua faili la Randa, na wino mwekundu ukamtazama. Alisoma mstari ule kwa midomo, bila sauti, mara mbili. Kisha akaangalia tarehe. Mwezi wa tatu. Akalifungua la Mwenyemji, akaangalia tarehe yake. Mwezi wa sita.

"Lilikuwa humu ndani," alisema polepole. "Siku ile. Lilikuwa humu humu."

"Lilikuwa. Kwandu hakukosea, baba. Alisoma lile alilopewa."

Mzee alichukua la nne.

"Na hili? M na nukta. Huyu ni nani?"

"Hilo ni mwandiko wangu."

"Wewe pia?" Alimtazama juu ya miwani. "Lakini karatasi haina masikio, mwanangu. Kwa nini hukuandika?"

"Mkono ulikataa, baba."

Hapo mzee alicheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeonyeshwa shati lake kwamba amelivaa kinyume tangu asubuhi. Wengine wakacheka naye kwa kuwa yeye ameanza. Kisha akafuta macho.

"Basi nawaruhusu. Mbele ya padri. Kuanzia leo wake za wanangu wanitaje hapo dirishani, haina neno."

Lilikuwa jambo kubwa alilolitoa, na kila mtu alilijua. Deodata angeweza kushukuru na kuishia hapo.

"Asante, baba," alisema. "Lakini haitoshi."

Malongo alifumba macho kama mtu anayeona gari linaacha barabara.

"Josiane hatalisema hata ukimruhusu, unamjua. Na ukoo wetu ni mmoja tu kati ya mingi. Katika kata hii pekee kuna mamia ya wanawake walioolewa, na kila mmoja ana mkwe wake asiyemtaja. Hatuwezi kwenda kuomba ruhusa mlango kwa mlango. Wao hawajakosea. Swali letu ndilo limekosea. Tunamuuliza mwanamke kitu ambacho tunajua hawezi kukijibu, halafu tunapanga rafu nzima kwa kufuata jibu lake."

"Sasa tumuulize nini?" Padri alikuwa amefumbua macho.

"Namba. Asiyekuwa nayo, jina la mama aliyemzaa, kitongoji, mwaka. Hayo kila mtu anayasema bila kumwogopa mtu. Nimejaribu miaka miwili kwa mafaili mia na arobaini, halijapotea hata moja. Lakini humu ndani kuna mafaili elfu kumi na tisa, na mengine ni ya mtu mmoja mara nne. Kuyaunganisha bila kupoteza wala kuchanganya ni kazi yenye kanuni zake, na mimi kanuni hizo sizijui. Nitaharibu. Kompyuta zikija kabla sijazijua, zitachukua makosa yetu yote na kuyafanya haraka. Ndiyo maana naomba kwenda kusoma. Nikienda uuguzi nitakuwa Kwandu wa pili, nasoma faili tupu."

Mzee aliyapanga mafaili manne, kingo zikakaa sawa, kama mtu anayepanga mbao.

"Hiyo barua ya onyo ya Kwandu," alisema. "Iko wapi?"

"Kwenye faili lake la utumishi. Hilo najua lilipo."

"Kailete. Niliisababisha mimi. Nitaichana mwenyewe."

Deodata hakuondoka mezani.

"Baba, haichanwi."

"Nani amesema?"

"Barua ikishaingia kwenye faili haitolewi. Inaandikwa nyingine inayosema ile ya kwanza haikuwa sahihi, na kwa nini, na nani amesema. Inawekwa juu yake. Ili mtu akija miaka kumi mbele aone zote mbili."

"Aone na kosa langu?"

"Aone kwamba ulilisahihisha."

Padri aliangalia dari. Mwanamke mwenye kanga sasa alijifunika uso wote. Mzee Manirakiza alimtazama mkwewe kwa muda ambao Malongo, aliponisimulia, aliupima kwa kunyanyua vidole vinne na kukunja kimoja kimoja.

"Huko ndiko unakotaka kwenda kusomea?" mzee aliuliza mwisho. "Ubishi huu?"

"Ndiyo, baba."

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Mimi ningekupa mwaka mmoja. Mwingine unao tayari." Aligeukia upande wa pili. "Malongo, futa hiyo penseli yako."

Barua ya pili ya Kwandu iliandikwa siku ileile, kwa maneno ya mzee mwenyewe, akaitia sahihi kwa jina lake kamili. Deodata aliitoboa, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Kwandu alipita dirishani baadaye, hakusema asante, alisema, "Sasa nikikuuliza faili la mtoto, usiniletee jalada jipya, nitakupiga nalo," na hiyo ilitosha.

Alhamisi Deodata alijaza fomu kwa kalamu. Pale pa kozi aliandika herufi kubwa: UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU NA TAARIFA, na maneno yakatoka nje ya kisanduku kwa sababu aliyechora kisanduku hakuwa amefikiria neno refu kuliko Uuguzi. Ijumaa kabla ya saa sita Danstan aliipeleka Ngara mjini kwa pikipiki ya mteja, akisema anaijaribu breki.

Siku yake ya mwisho dirishani ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa tisa. Mabenchi yalijaa. Karibu na ukuta alikaa Mzee Manirakiza, kofia juu ya goti, na Benedicto pembeni yake anapiga miguu hewani. Mtoto alikuja kuunganishiwa mafaili. Babu alisema anataka kuona kwa macho yake. Wanawake kwenye foleni walimtazama kwa mshangao, mwanaume mzima, mwenye wake za wanawe nyumbani, amekaa na mtoto kliniki.

Deodata alikuwa ameyafunga manne kwa uzi mmoja, lile la wino mwekundu juu. Aliyashika, akaangalia mabenchi. Zamani angesema: wewe baba mwenye kofia.

"Mia na arobaini na moja!" akaita, kwa sauti ile pana.

Mzee aliangalia kipande chake cha kadibodi, akakihakiki, akanyanyuka.

Jumatano yake alipanda basi la Kahama, njia ya Nyakanazi, ili kesho yake aendelee mpaka Tabora. Josiane alimsindikiza hadi stendi amembebea sanduku kichwani. Dirishani kulikuwa na msichana mpya, amefundishwa wiki tatu badala ya moja, na juu ya kidirisha karatasi yenye mwandiko wa Deodata inayosema tu: Tuanze na namba yako.